Moyo Uliokaa Kulia

Yule kijana wa ultrasaundi alikuwa mzungumzaji. Tangu tulipoingia alikuwa akituonyesha kila kitu kwenye skrini: huu uti wa mgongo, hili goti, hiki hapa kidole ananyonya. Alipofika kifuani akanyamaza. Alikiondoa kile kifaa juu ya tumbo la mke wangu, akakigeuza mkononi, akaitazama alama iliyo ubavuni mwake, akakirudisha palepale. Kisha akamwomba Amina alalie upande mwingine, akaanza upya toka kichwani kwa mtoto, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili.

"Dokta, kuna nini?" nikauliza.

"Subiri kidogo kaka. Nahakikisha, nisije nikakwambieni kitu ambacho sicho."

Aliitwa William. Baadaye nilikuja kulitaja jina hilo mara nyingi katika dua zangu, lakini siku ile nilitamani tu aseme. Mwishowe alisogeza kiti chake akatugeukia.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri," alisema. "Ila umekaa upande wa kulia."

Mimi ni seremala. Nina karakana Kizota, hapa Dodoma, natengeneza milango na fremu za madirisha, na elimu yangu ya mwili wa binadamu iliishia darasa la saba. Nilimtazama Amina nikidhani nitaona kuwa naye haelewi. Yeye alikuwa ameshainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Na tumbo la chakula?" akamuuliza. "Liko upande gani?"

William alishangaa. "Dada, wewe ni daktari?"

"Hapana. Nafanya kazi na samaki."

Alijaribu kulitafuta hilo tumbo la chakula. Mtoto alikuwa amejikunja, mgongo juu, na kila William alipopata mahali pazuri naye anajisogeza. Akamtembeza Amina ukumbini, akampa maji ya baridi anywe, akarudia. Haikuwezekana. Alituambia turudi wiki inayofuata, na kwamba atamwomba daktari wa moyo wa watoto awepo. Alisema pia, bila kulazimishwa, kwamba asingependa kubahatisha jambo kama hilo.

Tulirudi nyumbani Chang'ombe. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka mapema, na baada yake tulikaa muda mrefu bila kitu, hata ndugu wakaacha kuuliza. Amina aliingia ndani akaketi kitandani bila kuvua ushungi.

"Kwa nini uliuliza habari ya tumbo?" nikamwambia.

"Siwezi kukueleza kwa maneno, Mudrick. Kesho twende kazini kwangu, uone mwenyewe."

"Niambie tu kama ni jambo baya."

"Sijui. Ndiyo maana niliuliza."

Kazi ya Amina ilikuwa katika maabara ya chuo, kumsaidia mtafiti mmoja anayeitwa Dokta Ruthu. Nilijua kwamba wanafuga samaki wadogo wenye milia, warefu kama kiungo cha kidole, na kwamba kila asubuhi Amina huyakusanya mayai yao na kuyatazama kwenye hadubini. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza. Yeye naye hakuwahi kuniuliza habari za gundi na randa. Tuliishi vizuri hivyo.

Kesho yake nilifunga karakana nikaenda naye. Dokta Ruthu ni Mgogo wa Mpwapwa, mama wa makamo, mpole, mwenye kucheka kwa urahisi. Alipomwona Amina uso ulivyokuwa, hakucheka. Alimshika mkono, wakaingia chumba cha pembeni, na walipotoka macho ya wote wawili yalikuwa mekundu.

"Karibu shemeji," aliniambia. "Kaa hapa. Amina amesema uone, basi utaona yote. Sitakuficha."

Kwanza alinionyesha picha inayotembea kwenye kompyuta. Ilikuwa ya yai la samaki, aliniambia, lililotagwa asubuhi na kupigwa picha jioni ya siku hiyohiyo. Kiumbe kilichomo hakikuwa na moyo bado, wala macho. Kilikuwa kama uzi uliojiviringisha juu ya kiini. Karibu na mkia wake palikuwa na kifuko kidogo sana chenye majimaji, na ndani ya kifuko vijipunje vilikuwa vinazunguka, vinazunguka, daima kuelekea upande uleule.

"Ndani ya hicho kifuko kuna vinyweleo," alisema Dokta Ruthu. "Huwezi kuviona hapa, ni vidogo mno. Vinajizungusha vyote pamoja na kuyasukuma yale maji kwenda kushoto. Mwili unahisi yale maji yanakoelekea. Hapo ndipo unapojua kushoto ni wapi. Kabla ya hapo, kwa samaki huyu, kushoto na kulia ni sawa kabisa."

"Na ukishajua?"

"Kifuko kinatoweka, kazi imekwisha. Ule upande wa kushoto unawasha alama zake, na moyo unapoota unazifuata. Ini vilevile, utumbo vilevile. Kila kiungo kinapita njia iliyokwisha kuonyeshwa."

Nilimuuliza kama ni hivyo kwa binadamu pia. Alisema siyo kifuko hasa, ni kijishimo, lakini vinyweleo ni vilevile na maji yanasukumwa kwenda kushoto vilevile. Alisema jambo hilo hutokea mapema sana, wakati mama mwenyewe bado hajajua kama ana mimba.

Hapo nilimuuliza lililokuwa likinisumbua tangu jana, kama ni dawa za pale maabara zilizosababisha. Amina ndiye aliyenijibu.

"Hapana. Dawa kali sishiki mimi. Na hao samaki wetu waliogeuka wanazaliwa hata pale ambapo hakuna kilichowagusa. Mara mojamoja vinyweleo vinashindwa kusukuma. Basi mwili unabaki unabahatisha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, sauti yake ya kazini ambayo mimi sikuwa nimewahi kuisikia. Kisha akavaa glavu, akatoa visahani vitatu vya plastiki kutoka kwenye kabati la joto, akaweka cha kwanza chini ya hadubini na kunisogezea kiti.

Sijui nilitegemea kuona nini. Niliona samaki mzima ndani ya yai, mwili wake unapenyeza mwanga kama kioo kilichooshwa, na katikati yake kitu kinachodunda. Moyo. Niliona damu ikiingia na kutoka. Nilisahau kwa muda kilichonileta pale.

"Huyu ni wa kawaida," alisema Amina. "Angalia moyo umepindia wapi."

Akabadilisha kisahani. "Na huyu?"

Ilinichukua muda. Kila kitu kilikuwa kilekile, ila kana kwamba unamtazama wa kwanza kwenye kioo. Moyo ulikuwa umepindia upande wa pili, ukidunda bila wasiwasi wowote.

"Huyu aligeuka mzima," alisema. "Moyo, ini, utumbo, vyote vimehamia upande wa pili pamoja. Wengi wa namna hii wanakua, wanaogelea, wanataga. Ukimweka na wenzake kwenye tangi huwezi kumjua."

Kisahani cha tatu alikiweka lakini hakunihimiza nitazame. Nilitazama mwenyewe. Moyo wa samaki yule ulikuwa umenyooka katikati kama uzi, na kuuzunguka palikuwa na uvimbe wa maji. Ulikuwa unapiga, lakini damu ilikuwa inakwenda na kurudi palepale.

"Huyo alichanganyikiwa," alisema Amina. "Kiungo hiki huku, kile kule. Hao ndio..." Hakumaliza.

Nikaelewa kwa nini aliuliza habari ya tumbo la chakula. Moyo kukaa kulia peke yake hakukutuambia kitu. Kama tumbo nalo lilikuwa kulia na ini kushoto, basi mtoto wetu alikuwa wa kisahani cha pili. Kama sivyo, alikuwa wa tatu. Katika kazi yangu ukitaka mlango ufungukie upande mwingine unahamisha vyote, bawaba, kitasa na kizuizi, na mlango unafanya kazi maisha yake yote. Ukihamisha bawaba ukaacha kitasa, umeharibu mbao.

"Miaka yote hii," Amina aliniambia, "kila asubuhi mimi ndiye ninayewatenga. Hawa huku, hawa huku, hawa huku. Sikuwahi kuumia hata siku moja."

Dokta Ruthu aliinuka akakiondoa kile kisahani. "Wiki hii hutawatenga wewe," alisema. "Nitafanya mimi." Na alifanya. Mwalimu wa chuo kikuu, mwenye wanafunzi wa kumfanyia, alikuja mapema kila siku akafanya kazi ya mke wangu kwa mikono yake mwenyewe, akamwachia Amina kuwalisha samaki wakubwa na kupumzika. Pia alipiga simu palepale mbele yetu kwa daktari wa moyo wa watoto aliyesoma naye, Dokta Batholomeo, akamweleza habari yetu. Aliposikia kuwa William naye alikwisha kumtafuta asubuhi ileile, alitugeukia na simu sikioni, akasema, "Basi mko kwenye mikono mizuri."

Mama yangu alifika kabla wiki haijaisha. Anaishi Kolo, na nilipompigia simu nilikuwa nimekusudia kumwambia nusu ya habari, nikajikuta nimemwambia yote. Alishuka kwenye basi na kifurushi cha unga wa uwele, asali, na kuku aliyefungwa miguu. Amina alimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akasimama kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

"Marahaba mwanangu. Anapiga mateke?"

"Anapiga, mama."

"Kwa nguvu?"

"Jana usiku alininyima raha."

"Basi yupo," alisema mama, akaingia jikoni.

Jioni tulipokuwa tunakula, nilijaribu kumweleza habari za kifuko na vinyweleo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Amina.

"Hayo mambo ya samaki mwanangu anayasema vibaya, utanieleza wewe siku nyingine. Lakini nikwambie. Huyu hapa alitoka miguu kwanza. Mkunga alisema atakufa, na mimi pia nitakufa. Nilishika nguzo ya nyumba nikasema, Mola wangu, umemleta kinyume, lakini umemleta. Sasa huyo seremala."

Amina alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Alicheka mpaka akalia, na mama akamwacha alie, akawa anampangusa kwa upindo wa kitenge chake huku anaendelea kumega ugali kwa mkono mwingine. Katika wiki ile mama hakumwambia hata mara moja kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alimpikia, akamkanda miguu, akamsikiliza. Mimi niliyekuwa nikimwambia yatakuwa mazuri kila baada ya muda mfupi, nilijifunza kunyamaza.

Siku ilipofika tulimkuta William amekwisha kuwasha mashine, ingawa muda wake wa kuanza kazi ulikuwa bado. Dokta Batholomeo alikuwa amesimama nyuma yake, mwanamume mrefu aliyejikunja kidogo ili aione skrini. Mama alikataa kubaki nje, na hakuna aliyemlazimisha.

Mtoto alikuwa amegeuka, tumbo juu. William aliukuta moyo upande wa kulia kama mwanzo. Dokta Batholomeo aliomba aukuze kwenye skrini, akatazama vyumba vyake kimoja baada ya kingine, mishipa inayoingia na inayotoka, akawa anaguna tu. Nilikuwa nimemshika Amina mkono na niliona amefumba macho.

"Shuka chini," alisema daktari.

William alishusha kifaa. Palitokea duara dogo jeusi. Alilipima, akageuza kifaa, akalitafuta tena kutoka pembe nyingine, kama alivyofanya siku ya kwanza.

"Tumbo la chakula," alisema. "Liko kulia."

Amina alifumbua macho. "Na ini?"

"Ini..." Alisogea. "Ini liko kushoto. Lote."

Dokta Batholomeo alijinyoosha mgongo. "Kila kitu kimehama pamoja," alisema. "Moyo wenyewe umejengeka vizuri. Nitapenda niuone tena kabla hajazaliwa na baada ya kuzaliwa. Kuna jambo la kifua pia, kwa sababu vinyweleo vya namna hiyohiyo ndivyo vinavyosafisha njia ya hewa, kwa hiyo tutamwangalia anavyopumua. Lakini kwa ninachokiona leo, mama, huyu ni mtoto mzima. Yuko kama anavyoonekana mtu kwenye kioo."

Mama yangu alisema alhamdulillahi, taratibu, akarudia. Amina aliuchukua mkono wa William uliokuwa bado na jeli, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Yule kijana hakujua afanye nini. Alibaki ameinama vile mpaka alipoachiwa, akatafuta karatasi ya kufutia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtoto alizaliwa wakati wa baridi, upepo wa Dodoma ukiwa unapuliza vumbi barabarani. Ni msichana. Muuguzi aliyempokea aliitwa Sista Anyesi, na nilimwona kupitia pazia akimkausha, akachukua chombo cha kusikilizia na kukiweka moja kwa moja kifuani upande wa kulia. Hakuhangaika kutafuta. Nilipomuuliza baadaye, alisema William alishuka wodini mwenyewe wiki iliyotangulia na kumwambia kila muuguzi wa zamu, akihofia kwamba mtu asiyejua angeweka upande wa kushoto, akasikia mapigo kwa mbali, na kudhani mtoto anakufa.

Sikuwa nimemwomba mtu afanye hivyo. Wala isingenijia akilini kumwomba.

Nilimwadhinia mwanangu katika sikio lake la kulia, nikamkimia katika la kushoto, na sauti yangu ilikatika mara mbili. Alipumua kwa haraka mno mwanzoni, wakamweka kwenye oksijeni, na siku zile zilikuwa ngumu kwa sababu kila mmoja wetu alikumbuka neno la daktari kuhusu kifua. Amina alikuwa akienda kumkamulia maziwa na kurudi. Kisha kupumua kukatulia. Dokta Batholomeo alikuja kumsikiliza, akamsikiliza tena alipofikisha mwezi, na mwezi mwingine baada ya huo, na mpaka leo kifua chake ni safi. Anaendelea kumwangalia. Tumemwita Hamida, yaani mwenye kushukuru.

Nilipomaliza kazi za watu zilizokuwa zimelala, nilikata mbao za mninga nikatengeneza ngazi fupi ya kupandia kitandani, yenye vipago vipana na mahali pa kushika. Nilikuwa nimeona jinsi kina mama wenye mimba kubwa wanavyohangaika kukipanda kile kitanda cha ultrasaundi. Niliipeleka pamoja na Amina na mtoto.

William aliijaribu mwenyewe kwanza, akapanda akashuka. Alimchukua Hamida akamtazama muda mrefu.

"Unajua, kaka," aliniambia, "siku ile nilidhani nimekishika kifaa kinyume. Ni kosa la kawaida, mtu akichoka. Kulikuwa na foleni kubwa nje."

"Kwa nini ulirudia?"

"Mkeo alikuwa ametulia sana. Nilisema, mtu ametulia hivi kwangu, nisimharakishe."

Amina alirudi maabara likizo yake ilipokwisha. Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza, nikidhani ataona vigumu. Dokta Ruthu alikuwa amemwekea visahani mezani, akasema kama hataki ataviondoa. Amina alivaa glavu akaketi. Alipofika kwa wale wa kisahani cha tatu alikaa nao kitambo, kisha akawatenga kama inavyotakiwa. Aliniambia usiku wake kwamba sasa huwa anawaambia asante, kimoyomoyo, kabla ya kuvimwaga visahani. Aliona aibu kidogo kuniambia. Nilimwambia hata mimi ningewaambia.

Mwezi uliopita tulimpeleka mtoto Kolo. Mama alikuwa amekwisha kueneza habari kijiji kizima, na kina mama walijaa uani, kila mmoja akitaka kuweka kiganja kwenye kifua cha Hamida asikie. Mama alisimama mlangoni na birika na sabuni, hakuna aliyepita bila kunawa. Mmoja baada ya mwingine walimgusa upande wa kulia, wakatulia, wakatabasamu. Mzee Halfani, jirani yetu, aliuliza kutoka kwenye kiti chake kama hospitali itakuja kuurudisha moyo mahali pake.

"Uko mahali pake," alimjibu mama. "Samaki anaanza na kifuko kidogo karibu na mkia, ngoja nikueleze."

Akamweleza yote, bila kukosea, na Amina akiwa pembeni yake anamnyonyesha mtoto na kumsikiliza.